Nukta mbili hazitoshi: namna ya kuchora mlinganyo wa mstari



Wiki iliyopita kijana mmoja wa jirani, finalisti wa mwaka huu, aliniletea kaye yake. Walikuwa wamepewa mlinganyo, ile kitu darasani tulikuwa tunaita ekwasyo, wakaambiwa wauchore. Yeye alichukua late, akapiga mstari mmoja mzuri kutoka kona hadi kona ya karatasi, akaandika mlinganyo pembeni, kazi ikaisha. Nikamuuliza: mstari huu umepita wapi na wapi? Kimya. Nikamuuliza x yenyewe ni nini. Akasema, "X ni x, yaya."

Sikumcheka. Mimi nilipata diploma ya Taifa, nikaenda mpaka chuo, na miaka hiyo yote x ilikuwa ni x tu. Ilianza kuwa kitu kingine mwaka 2024, wakati ziwa lilipomfuata mama mdogo wangu mpaka karibu na mlango wake. Nikafunga kitabu cha yule kijana, nikampa mlinganyo wangu mimi: 3x + 20y = 180. Na ninyi nawaandikia huo huo, juu najua wengi wetu tuko na watoto au wadogo nyumbani, na tukiona wamekwama tunawaambia tu "chora, chora", kama kwamba kuchora ni kazi ya late.

Mnakumbuka ile Aprili. Tanganyika lilipanda mpaka likaingia ndani ya nyumba za watu hapa Uvira, Kalemie vilevile, na ng'ambo ya mpaka Gatumba na Bujumbura. Wazee walikuwa wanasema ni kama 1964, na ni kweli, mwaka ule pia maji yalipanda sana. Mama mdogo anauza ndakala. Nyumba yake iko upande wa Kalundu, inatazama ziwa, na jikoni yake ya mabati ilikuwa mbele, mita 3 kutoka mlangoni. Jumatatu tarehe 8 Aprili aliniita, akanionyesha maji, akasema: "Mwanangu, wewe ulisoma. Maji iko inafika ku mulango siku gani?"

Hilo ni swali la hesabu, hata kama halikuandikwa ubaoni.

Nikaazima mita ya fundi, nikapima kutoka mlango hadi ukingo wa maji: mita 9. Jumatano nikarudi, nikapima tena: mita 7. Nikaona mambo rahisi. Siku mbili, mita mbili, maana yake mita moja kila siku. Nikachora kwenye karatasi nukta mbili, nikaziunganisha kwa late, mstari ukashuka mpaka chini siku ya 9. Nikamwambia: tarehe 17 utakuwa na maji mlangoni.

Mama mdogo hakumaliza shule ya msingi. Lakini karatasi yenye mstari ulionyooka, imetoka mkononi mwa mtu wa chuo, nani ataikataa? Jioni ileile aliuza ndakala zake zote zilizokauka, kwa bei ya watu walioona ana haraka, ili apate garanti ya nyumba nyingine kule juu. Pesa haikutosha. Baada ya kulipa madeni ya mtaji alibaki na dola 20.

Jumatatu tarehe 15 nikapima mara ya tatu. Mstari wangu ulikuwa unasema nitakuta mita 2. Mita ya fundi ilisema 7 na sentimita 95.

Kilichotokea ni hiki: ile Jumatano kulikuwa na upepo mkali, na mimi nilipima pale wimbi lilipofika. Nilipima wimbi, sikupima ziwa. Kosa la kupima linaweza kumpata mtu yeyote. Ila kosa la pili lilikuwa la kuchora, na hilo ndilo nataka tulizungumze: nilichora kwa nukta mbili. Nukta mbili zinakubali mstari kila mara. Chukua nukta mbili za uongo, late itapita tu, itanyooka vizuri, na wewe utaridhika. Nukta ya tatu ndiyo inayoweza kukukatalia. Ikikaa kwenye mstari, endelea. Ikikaa pembeni, kuna mahali umekosea, rudi nyuma kabla mtu hajauza ndakala zake.

Sasa tuanze upya, pole pole, namna nilivyofanya baada ya kuona aibu.

Kwanza, x na y zipewe kazi. Mimi niliamua x ni siku, kuanzia tarehe 8 Aprili ambayo ni siku ya 0. Nikaamua y ni mita zilizobaki kati ya maji na mlango. Nikaandika maneno hayo kwenye karatasi kabla ya kuchora chochote, "siku" chini, "mita" pembeni. Walimu wengi wanaacha hatua hii juu mtihani hauiulizi. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua yenyewe.

Halafu mihimili miwili: mmoja umelala, wa x, mwingine umesimama, wa y, na pale inapokutana ni 0. Wazo hili la kumpa kila mahali kwenye karatasi namba mbili tunalihusisha na Mfaransa Descartes, aliyetoa kitabu chake cha jiometria mwaka 1637. Ndiyo maana shuleni waliita karatezyani, na sisi tulifikiri ni jina la ugonjwa.

Kisha kipimo. Chukua kaye ya karo. Siku zangu zilikuwa zinafika 60, karo zinaingia kama 34 kwa upana, kwa hiyo karo moja ni siku 2. Kwenda juu nilihitaji mita 9 tu, basi karo mbili kwa kila mita. Si lazima kipimo cha chini kifanane na cha juu, hakuna sheria hiyo. Sheria ni kwamba kwenye mhimili mmoja hatua zote ziwe sawa. Yule kijana alikuwa ameandika 0, 1, 2, 5, 10 kwa nafasi sawasawa, kwa sababu eti ndizo namba alizokuwa nazo kwenye jedwali. Ukifanya hivyo, mstari ulionyooka utauona umepinda, na kitu kilichopinda utakiona kimenyooka.

Baadaye ndiyo nukta. Kila Jumatatu asubuhi, kabla upepo haujaamka, nilipima mara tatu na kuchukua ya katikati. Siku ya 0, mita 9. Siku ya 7, mita 7,95. Siku ya 14, mita 6,85. Siku ya 21, mita 5,90. Kila jozi ni nukta moja: unahesabu siku kwenda kulia, unapanda mita kwenda juu, unatia alama ndogo ya msalaba kwa kreyo iliyochongwa. Andika (7; 7,95) kwa nukta-mkato katikati. Sisi tunaotumia mkato kwa desimali tukiandika (7,7,95) hakuna atakayejua namba inaanzia wapi.

Nukta zangu nne hazikukaa kwenye mstari mmoja kamili. Moja ilikuwa chini kidogo, nyingine juu kidogo, sentimita 5 tu. Hilo halinisumbui, ziwa si kitabu. Nilipitisha late katikati yao, na mstari ukawa unatoka 9 na kushuka mita 3,15 kwa siku 21. Gawanya: 0,15. Sentimita 15 kila siku, si mita moja.

Kwa hiyo: y = 9 − 0,15x.

Darasani tuliimba y = ax + b. Sasa uangalie b na a zako wapi. b ni 9, pale mstari unapokata mhimili uliosimama, maana yake siku ya kwanza nilipopima. a ni −0,15, mteremko, pante kama tulivyokuwa tunaita. Iko hasi juu nafasi inapungua. Ingekuwa chanya, maji yangekuwa yanarudi, na mama mdogo asingeniita.

Mteremko unakupa njia ya kuchora bila jedwali. 0,15 kwa siku ni mita 3 kwa siku 20. Weka kreyo kwenye 9. Nenda kulia siku 20, yaani karo 10, shuka mita 3, yaani karo 6, tia alama. Tena kulia 10, chini 6, tia alama. Tena. Unapata (0, 9), (20, 6), (40, 3), (60, 0). Nukta nne kwa dakika moja, na zote zinachungana.

Mtihani unapenda kukuficha haya yote. Ukizidisha kila kitu kwa 20 na kuhamisha x upande wa pili, unapata 3x + 20y = 180, ule niliompa kijana. Hapo kuna ufundi wa kufunika kwa kidole. Funika 3x: inabaki 20y = 180, basi y ni 9. Funika 20y: inabaki 3x = 180, basi x ni 60. Una nukta mbili, zile za kwenye mihimili. Wengi wanaishia hapo na kuchukua late, na mimi sasa hapo ndipo ninaposhika mkono wa mtu. Weka x = 20 uone: 60 + 20y = 180, y ni 6. Je, (20, 6) iko kwenye mstari wako? Iko. Sasa chora.

Kuna jambo lilinisumbua siku zile, nikalielewa kwa miguu. Watu walikuwa wanasema ziwa limepanda kidole kimoja tu, mbona limekula uwanja mzima? Nilichomeka fito mbele ya nyumba, nikaona maji yanapanda kama sentimita 3 na nusu kwa wiki, yaani nusu sentimita kwa siku. Lakini uwanja wa mama mdogo umelala: ukitembea mita 3 kutoka majini unapanda sentimita 10 tu. Sentimita moja ya kupanda inakula sentimita 30 za ardhi. Nusu sentimita inakula 15. Ndiyo ile 0,15 yangu, imetoka kwenye mteremko mwingine, wa udongo wenyewe. Kwa jirani ambaye uwanja wake umesimama, ziwa lilelile lilikuwa linakula sentimita 4, 5. Mstari wake ulikuwa umelala zaidi kuliko wetu, na yeye alikuwa analala usingizi.

Na nusu sentimita hiyo msiidharau. Tanganyika lina upana wa karibu kilometa za mraba 32.900. Kulipandisha sentimita moja kunahitaji maji ya mita za ujazo zaidi ya milioni 300. Mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie, na sehemu kubwa ya maji yake hayaendi kwa mto, yanaondoka kwa jua. Ndiyo sababu likishapanda halishuki kesho.

Turudi kwenye karatasi. Tarehe 29 Aprili nilikaa na mama mdogo, mara hii nikamwonyesha kila alama. Nikachora pia mstari uliolala kwenye y = 3. Huo ni mlinganyo pia, hata kama hauna x: unasema siku yoyote ile, jikoni iko mita 3 kutoka mlangoni. Mstari wa maji unaukata siku ya 40, tarehe 18 Mei. Mlango wenyewe, y = 0, siku ya 60, tarehe 7 Juni. Akaniuliza swali ambalo mimi sikulifikiria: "Na pesa yangu itafika lini?"

Nyumba aliyoipata iliomba garanti ya dola 90. Alikuwa na 20 siku ya 7, na tangu pale aliweka dola 2 kila siku. Nilichora pesa chini ya ile picha ya maji, siku zikiwa zimepangana juu na chini. Siku ya 7, dola 20. Siku ya 14, dola 34. Siku ya 28, dola 62. Mlinganyo ni z = 6 + 2x. Ile 6 ni ya kuangaliwa vizuri: inasema siku ya 0 alikuwa na dola 6, na si kweli. Siku ya 0 alikuwa na ndakala za kutosha na hakuwa na shida na mtu. Mstari wa pesa unaanza siku ya 7, kushoto kwake usichore kitu. Weka z = 90: 2x = 84, x ni 42. Tarehe 20 Mei. Nikapiga mstari uliosimama, x = 42, ukapita kwenye picha zote mbili. Kwenye picha ya maji ulikuta mita 2,70.

Mama mdogo alisoma mwenyewe: jikoni itaingia maji siku mbili kabla ya pesa kutimia, nyumba bado iko na siku kumi na nane. Akasema basi tutang'oa mabati ya jikoni mapema, na ndakala hatuuzi kwa haraka tena. Alipanga hayo kwa kidole chake kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimenyamaza.

Sasa nimefika mahali ambapo yule kijana alinishika. Aliuliza: "Yaya, late naisimamisha wapi?" Swali zuri kuliko la mtihani. Kwenye kitabu mstari hauna mwisho, unatiwa mishale kila upande. Kwenye maisha mstari una haki pale tu ambapo sababu yake bado ipo. Sababu ya mstari wangu ilikuwa mvua. Kwetu mvua inakatika karibu na mwisho wa Mei, kiangazi kinaingia, ziwa linaanza kushuka pole pole mpaka mvua irudi. Tarehe 7 Juni ilikuwa nje ya mvua, kwa hiyo nilipaswa kuichora kwa nukta-nukta, si kwa wino. Hilo nilimwambia mama mdogo, lakini nilimwambia kwa sauti ndogo, juu mara ya kwanza nilikuwa nimemtisha bure na sasa niliogopa kumtuliza bure.

Tarehe 6 Mei, siku ya 28: mstari ulisema 4,80, nikapima 4,80. Tarehe 13: mstari 3,75, nikapima 3,90. Nikajiambia ni kosa la mita. Tarehe 20: mstari 2,70, nikapima 3,30. Hapo si kosa la mita tena. Tarehe 27: mstari 1,65, mimi 3,25. Ukiziangalia alama hizo kwenye kaye, zinaacha mstari kidogo kidogo, kama mtumbwi uliokatwa kamba, mpaka zinalala. Jikoni haikuingia maji. Ilibaki sentimita 25.

Pesa nayo haikufuata late sawasawa. Mtoto aliugua malaria wiki moja, na tarehe 20 alikuwa na dola 84. Mwenye nyumba alikubali zilizobaki mwisho wa mwezi. Tulihamisha vitu Jumatano tarehe 22. Watu wengine waliniuliza kwa nini nilimhamisha mtu ambaye maji yalimsimamia mbele ya jikoni. Mama mdogo mwenyewe hakuniuliza. Shimo la choo lilikuwa limejaa maji tangu mwanzo wa mwezi, na sakafu ilikuwa inatoa jasho. Hivyo vitu viwili havikuwa kwenye picha yangu, yeye alikuwa ameviweka kwenye yake.

Yule kijana alichora vizuri safari hii. Aliandika "siku" chini, "mita" pembeni, nukta nne, late. Halafu akaona kushoto kwa 0 kuna karatasi tupu, akauliza kama inaruhusiwa kwenda huko. Nikamwambia mvua ilikuwa inanyesha hata kabla ya tarehe 8 Aprili, jaribu. Akaweka x = −10: 9 + 1,5, y ni 10,5. Tukahesabu siku kurudi nyuma, tukafika tarehe 29 Machi.

Nikampigia mama mdogo simu palepale. Nilimuuliza tu mahali pake pa kuanika ndakala palikuwa mbali kiasi gani na mlango. Akasema hatua kumi na tano hivi. Nazijua hatua zake, ni mita kumi na kitu. Na maji yalipafikia lini? Hakuwaza hata kidogo. "Ijumaa Kuu," akasema. "Nilitoka kanisani nikakuta ndakala zinaelea."

Kijana alikwisha fungua kalenda ya mwaka ule kwenye simu. Ijumaa Kuu ya 2024 ilikuwa tarehe 29 Machi.